PAPA FUNDI ANAJIBU: Mark X, Prado au Subaru ya shemeji?

*Papa Fundi, salamu nyingi kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Kazini wamenilipia mafunzo ya siku mbili ya kuendesha kwa kasi kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Tunaruhusiwa kwenda na gari letu. Mimi nina Toyota Mark X ya 2.5, volani ya kuume. Mume wangu ana Prado, anasema nichukue hiyo kwa sababu ni nzito na haitikisiki. Shemeji naye anataka kuniazima Subaru WRX yake, eti nikienda na Mark X nitaaibisha ukoo. Niende na ipi? — Mama Mapacha*

Mama Mapacha, nenda na Mark X. Sababu zinafuata, ila jibu ndilo hilo, na shemeji mwonyeshe ukurasa huu.

Tuanze na Baba Mapacha, kwa heshima. Prado ni gari la kwenda Kasenga wakati wa mvua. Ina zaidi ya tani mbili, na imesimama juu. Uzito anaousifia ndio huo huo freni zitalazimika kuusimamisha, na kwenye kona ya kasi ule urefu unataka kulaza gari ubavu. Waandaaji wengi hawapendi hata kuona magari marefu uwanjani.

Subaru ni gari tamu, sikatai. Inavuta kwa magurudumu yote manne, ina tabo (kile kipulizio kinachoisukumia injini hewa zaidi), na ukikosea kidogo inakufichia kosa lako. Sasa mwalimu atakufundisha nini? Tena wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kila ukikaribia kona utakuwa unamfikiria shemeji, na ukirudi unamkabidhi funguo pamoja na yote uliyojifunza humo.

Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kabla hujanyoosha volani, nyuma inateleza na kukuambia kosa lako papo hapo. Ile mitambo ya kuzuia gari lisiteleze usiizime mpaka mwalimu aseme. Na volani yako ya kuume, inayokusumbua hapa kila ukitaka kupita lori la shaba barabara ya Likasi, kule iko nyumbani, wanaendesha kushoto. Kuhusu nguvu, injini isiyo na tabo, kama yako, hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kyalami iko juu kuliko sisi, lakini hata Lubumbashi tuko kama mita 1,200, kwa hiyo tofauti utaihisi kidogo tu.

Kinachonitia wasiwasi ni freni. Kasi ikiongezeka mara mbili, joto la kusimamisha gari linakuwa mara nne. Kyalami kuna mteremko unaoitwa Mineshaft, barabara inazama kama unaingia mgodini, na duru ina urefu wa kilomita 4.5, kwa hiyo freni zinaombwa kazi tena na tena bila kupumzika. Mafuta ya freni hunywa unyevu wa hewa hata gari likiwa limelala. Mafuta ya freni ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia digrii 230. Yakishashiba maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Mwambie fundi wako ayamwage yote, aweke DOT 4 ya chupa ambayo haijafunguliwa. Akikwambia “bado ni masafi, mama”, tafuta fundi mwingine. Plaketi, yaani pedi za freni, ziwe mpya, na beba seti nyingine, kwa sababu baada ya mafunzo zaidi ya kilomita 2,000 za kurudi zinakungoja. Ukimaliza kila zamu, zunguka taratibu zipoe, na ukiegesha usivute freni ya mkono.

Mipira ya magurudumu: tazama tarakimu nne ubavuni. 1816 ni wiki ya 18 ya mwaka 2016. Huo usiende nao hata sokoni. Mipira ya mtumba, hapana.

Bima isome kabla ya kuondoka. Nyingi hazilipi ajali ya uwanjani.

*Papa, mimi kijana wa Katuba, nina Vitz ya 1000 tu. Mafunzo kama hayo watanipokea, au watanicheka?*

Wacheke. Gari lako lina karibu tani moja, freni zake hazichoki upesi, na kwa kuwa halina nguvu, kila mwendo unaoupoteza kwenye kona hutaurudisha kwa kukanyaga mafuta. Utalazimika kupita vizuri. Freni na mipira, soma hapo juu. Na lile spika kubwa uliloweka nyuma, kijana wangu, ulitoe.