Maswali ya wasafiri: Wawili Sighișoara, na mwenyeji wa kuwatembeza

Mimi na mpenzi wangu, sote wanaume, tunaishi Leipzig. Mwezi Mei tunakwenda Sighișoara, mji mdogo wa Romania. Tutampataje mwongoza watalii asiyetukunjia uso? (J.)

Mwambieni mapema, ndugu yangu, tena kwa maandishi. Romania kazi hiyo ina cheti cha serikali na kitambulisho cha kuvaa, wanakiita *ecuson*. Kiulizieni. Lakini kitambulisho kinaonyesha amesomea kazi tu, moyo wake hakiusemi. Andikeni hivi: "Sisi ni wanaume wawili, ni wapenzi, tunataka kutembea nawe kwa muda wa saa tatu. Uko radhi?" Akijibu, "Karibuni, mngependa kuanzia wapi?", huyo ni wenu. Akisema hana neno ilimradi msijionyeshe, mshukuruni mtafute mwingine. Nusu siku nzima na mtu anayewachunga mikono yenu ni mateso, na nyinyi mmelipa ili mstarehe. Mkikosa mjini, ulizeni Cluj-Napoca, jiji kubwa ambako maandamano ya Pride, ya wapenzi wa jinsia moja, yamekuwepo tangu 2017.

Sheria ya huko inasemaje? Nina hofu. (Msomaji, Nairobi)

Mapenzi ya jinsia moja si kosa. Kifungu cha 200 cha sheria ya jinai, kilichokuwa kikiwapeleka watu jela, kilifutwa 2001, na sheria ya 2000 inakataza kumbagua mteja. Ndoa ya jinsia moja haitambuliwi. Oktoba 2018 wananchi waliitwa kupiga kura ili katiba iitaje ndoa kuwa ya mume na mke pekee; ilihitajika asilimia 30 wajitokeze, wakaja kama 21, ikaanguka. Mimi nilifurahi sana. Hata hivyo mji mdogo ni mji mdogo, macho yapo. Kuhusu kushikana mikono, muulize mwenyeji wako mtaa kwa mtaa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumkodi.

Hotelini tuombe vitanda viwili ili tusisumbuliwe? (Dada wawili, Bruxelles)

Hapana, dada zangu, ombeni mnachokitaka. Ila jueni kwamba Waromania kitanda cha watu wawili hukiita *pat matrimonial*, yaani kitanda cha ndoa. Mtaliona neno hilo kwenye fomu, msishtuke. Mwongoza watalii wenu awapigie simu wenye nyumba kabla hamjafika.

Tumwombe atuonyeshe nini? (J., tena)

Mnara wa Saa na nyumba ya Vlad Țepeș, mtawala wa kale anayehusishwa na hadithi ya Dracula, mtaonyeshwa hata msipoomba. Mwombeni ngazi ya mbao yenye paa, iliyojengwa 1642 ili wanafunzi wapande shuleni bila kulowa theluji. Mna giza jepesi humo, mwanga unapenya kati ya mbao, na hatua zenu zinalia kwenye vidato zaidi ya 170. Nendeni asubuhi. Saa hizo mara nyingi mtakuwa peke yenu, na humo hakuna wa kuwatazama mkishikana mikono.

Juu kuna kanisa na makaburi ya Wasaksoni, Wajerumani walioujenga mji huu. Wengi wa wajukuu zao walihamia Ujerumani, hasa baada ya 1989. Nyinyi wa Leipzig mtayasoma mawe hayo wenyewe. Mwenyeji wenu akae pembeni kidogo, kisha awasimulie ni familia zipi zilibaki.