Geuza Jani Kwanza

*Shikamoo mwalimu. Mibuni yangu ina vidoa vya njano juu ya majani. Nipulize dawa gani? (Kalinzi)*

Marahaba. Swali hili nalipata kila msimu, na kila msimu picha ni ya upande wa juu wa jani. Geuza jani! Ukikuta vitone vyeusi vinavyong'aa kama rangi ya kucha, hicho ni kinyesi, na mwenyewe hayuko mbali: mdudu bapa wa milimita chache, mabawa kama kitambaa cha lesi. Huyo ni kunguni-lesi wa kahawa, jenasi Habrochila. Juzi nilimweka mmoja chini ya lenzi. Hata mabega yake yana vyumba vyumba kama sega la nyuki. Ukikuta utando mwembamba na vinukta vinavyotembea, hao ni utitiri, na dawa nyingi za wadudu haziwatishi. Tena kupuliza ovyo huua Stethoconus, kunguni anayemla huyo wa lesi, kisha unashangaa wamerudi maradufu. Muuza pembejeo hatakwambia hilo.

*Ni ndugu wa kunguni wa kitandani? (Ujiji)*

Wa mbali. Oda moja, Hemiptera, familia mbili: wa kitandani Cimicidae, wa lesi Tingidae.

*Aina za kunguni-lesi ni ngapi, na kujua majina kunanisaidia nini shambani? (Kasulu)*

Spishi zaidi ya 2,000, nyingi mno katika nusufamilia ya Tinginae. Wapo Vianaidinae wa Amerika ya Kusini, wanaohusiana na sisimizi na hawana hiyo lesi. Wataalamu wengine huwapa familia yao. Faida? Wengi wao huchagua mimea. Anayeharibu bilinganya zako ni Urentius, hakutoka kwenye kahawa ya jirani. Acheni kugombana mipakani.

*Nimesikia yupo kunguni-lesi anayekula lantana, lile gugu la vichaka. Nimlete kwenye chupa? (Kibondo)*

Thubutu! Huyo ni Teleonemia scrupulosa, mwenyeji wa Amerika, aliyeletwa Afrika Mashariki na wataalamu kwa kazi hiyo hiyo. Miaka ya 1960 kule Uganda akakutwa anafyonza ufuta. Kama waliosomea walishtukizwa, wewe na chupa yako?

*Nimekamata mdudu wa kijani kwenye bilinganya, mabawa ya lesi, macho ya dhahabu. Nimemponda, nimefanya vema? (Uvinza)*

Umemponda askari wako. Huyo si kunguni kabisa. Ni wa familia ya Chrysopidae, na mabuu yake hula vidukari. Kesho ukimwona mwingine, mpishe.