Je, shughuli za kazi zinaruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri kila siku?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Huamka saa kumi za usiku kukaanga mahamri ya kuuza, kisha hufanya usafi katika nyumba ya wageni hadi saa kumi jioni. Mwenzangu kazini ameniambia kwamba mwenye shughuli anaweza kuiakhirisha Adhuhuri kila siku aiswali pamoja na Alasiri, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikusanya akiwa Madina. Ni sawa?

JIBU: Binti yangu, swali lako limenihuzunisha, kwa sababu sikuona ndani yake uvivu wa ibada bali machofu ya mtu aliyetwikwa siku ya watu watatu. Haifai kuifanya hiyo kuwa ada. Ikiwa umekwisha kuziakhirisha Adhuhuri nyingine, zimesihi kama kadha, yaani Swala iliyolipwa baada ya wakati wake, na kutojua kwako ni udhuru, basi usijitese kwa yaliyopita.

Mwenzako hakuzua hadithi, ila ameipokea nusu. Ni kweli kwamba katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, sahaba Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alikusanya Swala Madina pasipo hofu wala mvua, ili asiutie umma wake uzito. Lakini madhehebu yetu ya Imamu Shafi hayakuitolea hadithi hiyo ruhusa ya shughuli, na wanavyuoni walioruhusu kwa haja, kama Ibn Sirin, na al-Qaffal miongoni mwa Mashafi, wameshurutisha kwamba isifanywe ada. Sharti hilo ndilo linaloangushwa njiani kila hadithi hii inaposambazwa kwenye simu! Na lau kazi ya kila siku ingekuwa ruhusa ya kila siku, wakati wa Adhuhuri ungewekewa nani? Mvuvi ana nyavu, mwenye duka ana wateja, mwalimu ana darasa. Wangebaki wagonjwa na wasafiri, nao ndio wenye udhuru tangu hapo. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 103, kwamba Swala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu.

Tuitazame sasa siku yako. Hapa kwetu, karibu na ikweta, Adhuhuri huingia baina ya saa sita na saa sita u nusu mwaka mzima, na wakati wake hudumu saa tatu au zaidi. Katika muda huo unahitaji dakika kumi. Zikikosekana mapema, omba ruhusa moja mwishoni mwa wakati: swali Adhuhuri, ngoja adhana kidogo, kisha swali Alasiri kwa udhu uleule. Kila Swala itakuwa imeswaliwa ndani ya wakati wake, na baadhi ya wanavyuoni wameifasiri hadithi ya Ibn Abbas kwa sura hii hii. Andika ratiba yako kwa kuanza na Swala tano, ndipo uzipange kazi baina yake. Na unga uliokauka kwenye kucha uutoe kabla ya kutawadha, kwani huzuia maji.

Hukutaja mume, nami sikuulizi. Ikiwa yupo, msomee jibu hili. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa Swala hutoka kwenda kuswali. Kuwaandaa watoto asubuhi hakuhitaji mikono ya aliyesimama mbele ya karai la mafuta tangu saa kumi.