Kabla hujarusha droni kwenye upepo wa milimani, hesabu safari ya kurudi

Agosti ya miaka mitatu iliyopita nilipanda kutoka Isyonje kuelekea Kikondo, huku kwetu Mbeya, kumpigia mzee mmoja picha za shamba lake la viazi. Alitaka wanawe walioko Dar es Salaam waone alivyolipanua. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mbingu nyeupe. Tulisimama nyuma ya safu ya mikaratusi, na pale chini upepo ulikuwa wa kutikisa kola ya shati tu. Mzee akainua macho kwenye vilele vya miti, akasema, "Mwanangu, si ungengoja jioni upepo ulale?" Nikamwambia, "Usijali baba, ni dakika tano tu."

Droni ikapaa, ikavuka miti, ikashika njia ya bondeni. Ilikwenda kwa wepesi wa ajabu, na picha zilikuwa nzuri kweli. Nilipoigeuza irudi nikasukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho, nikatazama namba ya umbali kwenye skrini: mita 612. Nikasubiri. 611. Halafu 613. Droni ilikuwa imeinamia mbele kwa nguvu zake zote na haisogei. Betri ilikuwa asilimia 48, na kila nilipotupa jicho ilikuwa imeshuka tena.

Nitaeleza jinsi nilivyoipata, lakini kwanza niseme jambo ambalo laiti ningeambiwa siku nilipoinunua. Kwenye upepo, usijiulize kama droni itaweza kupaa. Karibu kila mara itapaa. Jiulize itarudije.

Chukua hesabu hii. Droni ndogo nyingi, katika mwendo wa kawaida, huenda mita 10 hivi kwa sekunde. Ukiipeleka mita 600 huku upepo unaisukuma mgongoni, inafika kwa dakika moja au chini yake. Sasa igeuze, upepo wa mita 8 kwa sekunde uipige usoni. Kasi inayobaki ni mita 2 kwa sekunde. Mita zilezile 600 zinataka dakika tano, na dakika zote hizo mota zinakula betri kuliko kawaida. Upepo ukiongezeka hadi mita 10, hairudi kabisa. Ndiyo maana siku hizi, kama kuna upepo wowote wa maana, naanza kwa kwenda kinyume nao. Nahangaika nao betri ikiwa imejaa, halafu wakati wa kurudi unanisukuma nyumbani. Kama mteja anataka picha za upande ambao upepo unakwenda, nahama mimi. Nashuka na gari au nachukua bodaboda, narushia kutoka kule.

Kosa langu la pili siku ile lilikuwa kuupima upepo kwa shati langu. Nilikuwa nyuma ya miti, na miti ndiyo iliyokuwa ikinikinga. Upepo huongezeka kadiri unavyokwenda juu, kwa sababu chini unakwaruzana na ardhi, nyumba na mimea. Huku kwetu kuna na milima. Upepo unaopanda mteremko hubanwa na kukaza mwendo unapovuka mgongo wa mlima, kisha ukishavuka huanguka na kuvurugika kwa mizunguko. Mabaharia wa pwani wana maneno mazuri kwa pande hizi: upande unaopigwa na upepo ni joshini, uliokingwa ni demani. Huko demani mtu husimama akaona pametulia, kumbe hewa iliyo juu ya kichwa chake inazunguka na kushuka kwa nguvu. Nimeona droni ikishushwa mita kadhaa kwa ghafla bila mimi kugusa kitu, nyuma tu ya mgongo wa kilima. Ukilazimika kurusha karibu na kilele, simama joshini, na usiipitishe ng'ambo ya mgongo.

Kuna na suala la hewa yenyewe, ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi kwa kuwa wanaoyatengeneza wengi hawaishi milimani. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600, imepungua karibu robo. Propela zinapaswa kuzunguka haraka zaidi ili kubeba uzito uleule, kwa hiyo akiba ya nguvu ya kupambana na upepo ni ndogo na betri inaisha mapema. Dakika 31 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa katika mazingira tulivu. Mimi milimani huku napanga kazi kwa dakika 15, na ikifika asilimia 40 naanza kurudi.

Sasa namna ya kuupima. Soma kwenye kitabu cha droni yako inastahimili upepo wa kasi gani. Ndogo nyingi ziko kwenye mita 10.7 kwa sekunde au pungufu kidogo. Utabiri kwenye simu mara nyingi huja kwa kilomita kwa saa, kwa hiyo zidisha mita kwa 3.6: mita 10.7 ni kama kilomita 38 kwa saa. Hicho ni kikomo cha chombo, usikifanye ruhusa yako. Tazama pia mapigo ya upepo, yale ya ghafla, wala usiridhike na wastani. Mimi mapigo yakifika kilomita 25 kwa saa, droni ndogo inabaki kwenye begi nikiwa mgongoni mwa mlima. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa angalizo la upepo mkali, sibebi hata begi.

Bila simu, tumia macho. Majani na vijiti vikicheza mfululizo, ni upepo wa mita 3 hadi 5 kwa sekunde. Vumbi likiinuka barabarani na mifuko ikitambaa, umefika 6 au 7. Miti midogo ikianza kuyumba yote, shina na matawi, umeshafika 8 na kuendelea, na huko juu ni zaidi. Ndicho yule mzee alichokuwa akikitazama kwenye vilele vya mikaratusi.

Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, upepo wetu una ratiba. Alfajiri umelala. Kuanzia saa nne asubuhi unaamka, saa nane mchana uko kwenye kilele, na jua likikaribia kuzama unapungua. Mimi kazi za milimani nazifanya kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Tatizo la saa hizo ni baridi: betri ya lithiamu ikipoa nguvu yake hupungua, na asilimia kwenye skrini zinaweza kuporomoka ghafla. Nalala nazo ndani, asubuhi nazibeba mfuko wa ndani wa koti. Nikirusha naiacha ielee mita mbili tatu juu yangu kwa dakika nzima ipate joto, huku nikiangalia kama inatulia mahali pamoja au inahangaika.

Turudi Isyonje. Kidole changu kilikuwa tayari kinakwenda kwenye kitufe cha kurudi nyumbani, na hapo ningeipoteza. Kwenye droni nyingi kitufe hicho huipandisha kwanza hadi kimo ulichopanga, ndipo ianze safari, na kule juu ndiko upepo ulikokuwa ukinishinda. Nikafanya kinyume. Niliishusha polepole hadi kama mita 15 juu ya mashamba, nikaihakikisha naiona, nikaweka modi ya spoti, ile inayoipa droni kasi zaidi. Mita zikaanza kupungua: 590, 560, 500. Ukifanya hivi kumbuka kwamba katika modi ya spoti sensa za kukwepa vizuizi hazifanyi kazi, kwa hiyo macho yawe kwenye miti na nyaya za umeme. Usishuke pia hadi mgongo wa kilima ukaingia kati yako na droni, maana mawasiliano yatakatika.

Haikufika hadi nilipokuwa. Ikiwa asilimia 14 nikaona heri niishushe mwenyewe mahali ninapopaona kuliko iamue yenyewe, nikaiteremsha kwenye matuta ya viazi, mita 200 hivi kutoka kwangu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alisogea pembeni na mtoto wake, akasimama hadi nilipofika nikihema. Propela moja ilikuwa na pengo dogo la ukubwa wa kucha. Nilizibadilisha zote, maana propela yenye pengo hutetemesha mkono mzima wa droni, na upepo huongeza mtetemo huo. Tangu hapo napitisha kidole kwenye kingo za kila propela kabla sijawasha.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) nacho kishughulikie mapema, na ukaribu na uwanja wa ndege wa Songwe uuheshimu hata kama upepo umelala kabisa.

Wateja wa harusi ndio wagumu. Ukumbi umelipiwa, maharusi wanatoka kanisani saa nane, na mama wa bwana harusi anauliza, "Ile ya juu vipi, mwanangu?" Sasa hilo nalizungumza siku ya kupokea malipo ya awali, tena naliandika: picha za juu zitategemea upepo. Asubuhi ya harusi, kabla watu hawajaamka, nakwenda kuchukua kanisa na ukumbi kutoka juu, ukungu ukiwa bado umelala chini ya mlima Loleza. Mchana mama akiuliza, namwonyesha hizo.