Muulize Mwalimu: Chombo cha mwezini kilikatwa vipande kwa nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa semitrela, Dar mpaka Tunduma. Kijana wangu wa darasa la sita ananiambia chombo kilichowapeleka Wamarekani mwezini kilikuwa cha vipande, vikawa vinaachana na kuungana tena hukohuko angani. Hivi walishindwa kujenga kimoja kizima? Kwangu mimi tela likichomoka njiani, hiyo ni ajali.
Dereva, Mbeya

JIBU: Marahaba, dereva. Kijana amepatia. Hebu niambie, ungekuwa na ruhusa ya kuacha tela tupu chini ya mlima Kitonga, ungelipandisha? Mwezi nao una Kitonga yake. Wangetua na chombo kizima, wangeshusha parachuti, ngao ya joto na mafuta ya kurudia, vitu visivyo na kazi kule chini, kisha wavipandishe vyote upya. Kila kilo inadai mafuta, na mafuta nayo yana kilo zake. Ndiyo maana roketi iliruka na tani karibu 2,900, lakini kilichorudi baharini ni kijumba cha wanaanga cha tani kama 5.

Mhandisi John Houbolt wa NASA, shirika la anga la Marekani, ndiye aliyelishikia bango jambo hili. Mwaka 1961 aliwaruka wakubwa zake akaandika barua moja kwa moja makao makuu: kijumba kibaki kinauzunguka mwezi na mtu mmoja, wawili washuke na chombo chepesi. Julai 1962 NASA ikatangaza kuifuata njia hiyo. Waliopinga walikuwa na hofu kama yako, na sikuwalaumu kamwe. Hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuunganisha vyombo viwili hata hapa juu ya vichwa vyetu, sembuse kilomita 380,000 kutoka nyumbani.

Kiungo chenyewe nilikuwa nawafundishia wanafunzi wangu kwa kalamu na faneli ya mafuta ya taa iliyoning'inizwa kwa uzi. Ukiisukuma, inakukimbia. Kijumba kilikuwa na mlingoti wenye vikulabu vitatu nchani, na chombo cha kutua kilikuwa na shimo la umbo la faneli. Vikulabu vikinasa, mlingoti unajivuta, kisha makomeo 12 yanafunga pete kwa pete. Halafu, na hapa ndipo darasa lilipokuwa likibisha, inabidi ung'oe mlingoti na faneli yake ndipo watu wapite. Kwenye safari ya mwezini ya Apollo 14, mwaka 1971, vikulabu viligoma mara tano. Stuart Roosa alifanikiwa ya sita, na mlingoti ule wakarudi nao ukachunguzwe.

Kilichonitisha mimi zaidi ni kingine. Aprili 1970, tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipopasuka, wanaanga watatu walikimbilia chombo cha kutua kilichoundwa kwa wawili. Mikebe ya kusafisha hewa waliyotoka nayo kijumbani ilikuwa ya mraba. Huku matundu ya chombo cha kutua ni ya mviringo! Viwanda viwili, vipimo viwili. Waliunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu na utepe wa gundi.

Kichwa chako kinavuta tela la tajiri yeyote, maana viungo vyake vina kipimo kimoja. Vyombo vya anga vilianza kupata kipimo cha namna hiyo, cha kimataifa, mwaka 2010 tu. Na Orion, chombo kipya cha kupeleka watu mwezini, kina kijumba cha Marekani, ila sehemu ya nyuma yenye injini inaunganishwa Bremen, Ujerumani.

Msalimie kijana. Akijaribu ile ya kalamu, atafute faneli nyepesi ya plastiki. Ya bati haikimbii vizuri.