Huyo mweusi wa bafuni siyo wa vichwa viwili, msimmwagie mafuta ya taa

Mkuu uliyeuliza kuhusu kidude cheusi kilichotokea bafuni kwako Tabata baada ya mvua, majirani wakakwambia ni nyoka wa vichwa viwili mmwagie mafuta ya taa, naomba usimuue. Mimi nauza maua na miche barabarani huku Mbezi mwaka wa tisa sasa, hao nakutana nao kila masika nikinyanyua vyungu.

Huyo ni nyoka kipofu, wataalamu wanamwita Indotyphlops braminus. Nyoka kweli, siyo mnyoo, ila hana sumu na kamdomo kake hata kukung'ata hakawezi. Juzi nilimweka mmoja kiganjani nikammulika na tochi ya simu, urefu wake haufiki kalamu ya biki, mwili unang'aa kama umepakwa mafuta, pingili za mnyoo hana, macho ni vidoa viwili tu chini ya magamba, na kaulimi kanachomoka kanarudi. Mkia butu kama kichwa, ndo hapo maneno ya vichwa viwili yanapotokea. Nchani kuna kimwiba, alikuwa ananichokoa nacho akijisukuma apenye katikati ya vidole, asiyejua anaruka anasema nimegongwa.

Anakula mayai na watoto wa sisimizi na mchwa, basi. Mvua ikijaza maji udongoni anapanda juu kutafuta pakavu, ndo unamkuta bafuni.

Kitu ninachompendea zaidi, wote ni majike! Anataga bila dume, kwahiyo mmoja tu akifika mahali anatosha kuanzisha ukoo. Asili yao Asia ya Kusini, wamesambaa duniani wakiwa ndani ya udongo wa mimea ya vyungu, hata huyo wako huenda aliingia na ua ulilonunua kwa mtu kama mimi.

Ila hapa nisikilizeni vizuri jamani. Kuna mweusi mwingine anaishi ardhini hukuhuku pwani, Atractaspis, huyo ana sumu na meno yake yanachomoza pembeni mdomo ukiwa umefungwa, hata ukimshika nyuma ya kichwa anakuchoma, na watu wamepoteza vidole. Mkubwa wake anapita futi moja lakini watoto wake ni wadogo, so kama huna uhakika usishike kwa mkono, hata kama ni kembamba.

Wa kwako msukume na fagio la mti mrefu aingie kwenye kizoleo, kammwage kivulini chini ya majani makavu. Usimwache kwenye sakafu yenye jua, anakauka haraka sana.