Taarab kwa kina mama, dansi kwa kina baba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga, upande wa Makorora. Tumepata ukumbi wa kutumia kila Jumamosi kwa ajili ya watu wazima wenye msongo wa mawazo, wanaume kwa wanawake. Tunataka kutumia muziki, mlo wa pamoja na kazi za mikono. Wenzangu wanasema tuwatenge: kina mama wawekewe taarab na wapike, kina baba wawekewe dansi la zamani na wanywe kahawa, kwa sababu homoni zao ni tofauti na mambo haya hayawagusi sawa. Je, kitaalamu hoja hiyo ina msingi? Na nitajuaje kama tunachofanya kinasaidia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu vikundi vingi huanza bila mtu kuuliza hivyo. Hoja ya homoni haitoshi kugawa ukumbi. Muziki, chakula na sanaa humgusa mwanamume na mwanamke kwa njia zinazofanana sana. Panapotofautiana ni pawili: kile ambacho jamii imemruhusu mtu akionyeshe, na kile anachokifanya moyoni wakati anasikiliza. Hili la pili ndilo ningependa ulishike.

Nianze na ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapima watu ambao mwili huwasisimka wanaposikia nyimbo wanazozipenda. Walikuta dopamini, kemikali ya ubongo ambayo inahusika pia na raha ya chakula, ikitoka kwa awamu mbili: mara ya kwanza wimbo unapokaribia mahali mtu anapopangojea, na mara ya pili mahali penyewe panapofika. Kila mshiriki alikuja na nyimbo zake, na wimbo uliomsisimua mmoja ulitumika kuwa wimbo wa kawaida tu kwa mwingine. Kwa hiyo ukiniuliza nani awekewe taarab, nitakuambia ni yule anayeipenda taarab, awe mama au baba. Na si kwenye muziki peke yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Janet Hyde, mwaka 2005 alikusanya majumuisho 46 ya tafiti zilizolinganisha wanawake na wanaume kisaikolojia, akakuta asilimia 78 ya tofauti zilizotajwa zilikuwa ndogo au karibu na sifuri.

Najua wenzako watakujibu: mbona tunaona kwa macho yetu kwamba wanawake wanaguswa zaidi? Kweli, wanaona. Harusini pale Ngamiani mama amekaa kimya tangu ngoma ianze. Ubeti unafika panapomhusu, anainuka, kanga kiunoni, anakwenda kwa mwendo wa maringo mpaka mbele ya mwimbaji, noti ameiinua juu watu waione. Anatunza, anageuka kumtazama anayemkusudia, kisha anarudi kukaa na uso umekunjuka. Kaka yake yuko nje barazani na wimbo uleule anausikia kwenye spika. Hatikisi hata mguu. Ukimuuliza, atakuambia yule anaimba vizuri, basi.

Anayemtazama kaka huyu atasema hakuguswa. Lakini mwaka 1998 Ann Kring na Albert Gordon walichapisha utafiti ambao vijana wa kike na wa kiume walionyeshwa filamu za kuhuzunisha, za kufurahisha na za kutisha. Wasichana walionyesha hisia usoni zaidi sana. Walipoulizwa walihisi nini, majibu hayakutofautiana kijinsia. Tofauti ilikuwa usoni. Na mama yule wa Ngamiani hana ujasiri wa kuzaliwa nao. Ana mila inayompa nafasi, noti na ubeti wa kusemea. Kaka yake hana.

Ndiyo maana siipendi kauli kwamba taarab ni ya wanawake kimaumbile. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Siti binti Saad alikuja kurekodi mwaka 1928. Hapa kwetu Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star walipoichanganya taarab na gitaa na midundo ya dansi, wanaume walipiga ala na kina Bi Shakila wakaimba, na waliokuja kusikiliza hawakuwa wa jinsia moja. Mambo haya yamebadilika ndani ya umri wa bibi na mjukuu, na homoni hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Sasa lile la pili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, wakiongozwa na Emily Carlson, waliwachunguza watu wazima 123: wanautumiaje muziki wanapokuwa na moyo mzito? Walitazama namna tatu. Kuna anayejiliwaza, yaani anatafuta wimbo unaomwambia hauko peke yako. Kuna anayejisahaulisha, anaweka kitu cha kumtoa kwenye mawazo. Na kuna anayetoa nyongo: ana hasira au huzuni, anaweka muziki wa hasira au huzuni, anaukazania. Wanaotoa nyongo walikuwa na wasiwasi mwingi zaidi, hasa wanaume. Walipopimwa ubongo, sehemu ya mbele inayosaidia kuzituliza hisia ilionekana kufanya kazi kidogo zaidi kwa wanaume wa kutoa nyongo, na zaidi kwa wanawake wa kujisahaulisha. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kipi kimesababisha kipi. Inawezekana mwenye wasiwasi ndiye anayeutafuta muziki huo. Lakini unakuonyesha mahali pa kuangalia.

Pachukue mpaka ukumbini kwako. Yupo baba ambaye kila usiku anaweka wimbo mmoja wa zamani wa mke aliyeondoka, anaurudia, anajifungia nao. Yupo mama anayefanya vilevile na taarab ya kuachwa, na huyo nimekutana naye mara nyingi pia, maana mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba wanawake ndio huwa na mwelekeo zaidi wa kuwaza na kuwazua jambo lililowaumiza bila kulitoka. Ukiwatenga hawa wawili kwa jinsia, umewatenga watu wenye shida moja. Waulize wote swali hili: ukimaliza kuusikiliza wimbo huo, unafanya nini? Anayesema nalala vizuri, au nampigia dada yangu simu, mwache na wimbo wake hata kama unaliza. Huzuni ya wimbo si ugonjwa. Anayesema nauanza tena, nakumbuka zaidi, usingizi unakata, huyo ndiye wa kumsaidia.

Msaada wenyewe si kumnyang'anya wimbo. Mwache auchague, mwache auweke mbele ya wenzake, halafu mwili usogee na mdomo useme. Dansi letu la zamani limeshakurahisishia kazi: beti huanza kwa utulivu na malalamiko, kisha sebene linaingia. Zile nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa Tanga, usizikate katikati kwa kubana muda. Ukikata kabla ya sebene umewaacha watu kwenye kilio. Wakiinuka kucheza, hata kwa kuchezesha mabega tu, ndipo umuulize mwenye wimbo: ulikukumbusha nini? Nimeona wanaume ambao hawajawahi kumjibu mtu swali la hisia wakilijibu hilo, kwa sababu wanaulizwa kuhusu wimbo.

Kwenye chakula sitarefusha isipokuwa pale ambapo jinsia kweli ina neno, na hapo wenzako hawakupataja. La kwanza ni kahawa. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa tano. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango huchukua karibu mara mbili ya muda huo, na mjamzito miezi ya mwisho huchukua zaidi ya saa kumi. Mvutaji wa sigara, kinyume chake, huiondoa haraka. Maana yake, kahawa ya saa kumi alasiri baba wa barazani asiyevuta sigara anabaki na nusu yake saa tatu usiku, wakati mama wa vidonge bado ana nusu saa nane usiku. Akikosa usingizi na kuamka na moyo unaodunda, atasema ana wasiwasi. Kwa hiyo kahawa iwe asubuhi, kwa wote, na muulize mwanamke faraghani kuhusu vidonge kabla hujamwandikia kwamba ana hofu.

La pili ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mtu asiye na damu ya kutosha huchoka, hukosa hamu ya mambo, hununa bila sababu. Anaweza kukaa kwenye kikundi chako miezi mitatu akisikiliza taarab kumbe alihitaji kupimwa damu. Mpeleke kwanza akapimwe. Mezani, dagaa na kunde zipikwe na mboga za majani, machungwa ya Muheza yawepo, na chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, maana inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Chai ingoje kama saa moja baada ya mlo.

Kuhusu chakula na sonona kwa ujumla, jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika Australia na kuchapishwa 2017: watu 67 wenye sonona, nusu wakaelekezwa kula samaki, kunde, mboga, matunda na njugu, nusu wakapata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Wengi wa washiriki walikuwa wanawake, hivyo usimruhusu mtu atumie utafiti huo kudai kwamba lishe haimfai mwanamume. Bada kwa mchuzi wa samaki, na kunde pembeni, inakaribia sana sahani ile. Soda na maandazi haviikaribii.

Na tafadhali, kina mama wasipangiwe kupika. Mwanamke aliyeamka alfajiri kukuna nazi, akaosha vyombo, akapeleka watoto, halafu anafika kwenye kikundi cha kupunguziwa mzigo anakabidhiwa sufuria: hiyo si tiba. Kupika kunasaidia pale mtu anapokuchagua na anapopikia watu wanaomshukuru. Mpe baba kisu akwangue samaki, mpe kijana kukuna nazi, mama akae apakuliwe. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu ndilo litakalobadilisha Jumamosi zako kuliko orodha yoyote ya nyimbo.

Kazi za mikono: huko Philadelphia, utafiti uliochapishwa 2016 uliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika. Kwa takriban robo tatu yao kortisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwenye mate, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na wengi walikuwa wanawake, kwa hiyo nauchukulia kama dalili nzuri tu. Kwa wanaume wa pwani usianze na karatasi na penseli za rangi. Wengi wataona wanafanywa watoto. Lete wavu uliotoboka, ukili, kipande cha ubao wa kuandika jina la ngalawa. Mkono ukishazoea, karatasi itakubalika.

Kutenga kuna mahali pake hata hivyo. Mama hatasema yaliyo ndani ya ndoa yake mbele ya rafiki wa mumewe. Muziki, chakula na kazi viwe vya pamoja. Mazungumzo ya siri yawe na vyumba viwili.

Kuhusu kupima: kila mtu ataje namba kutoka 0 hadi 10, moyo wake ukoje (0 ni mzito kabisa, 10 ni mwepesi kabisa), mara tatu: akifika, akiondoka, na kabla ya kulala. Hii ya tatu usiiache. Anayetoa nyongo huondoka na 7 na kulala na 3, na bila ile ya usiku utajiandikia ushindi. Wanawake waandike na siku za hedhi, kwa hiari, kwa kuwa baadhi yao moyo huinama siku chache kabla. Wavuvi wa dagaa waandike mbalamwezi: siku hizo hawaendi baharini, mfukoni hakuna kitu, na utadhani sebene limeacha kufanya kazi.

Kila baada ya wiki nne tumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima dalili za sonona, ambalo lipo kwa Kiswahili na limepimwa hapa Tanzania. Lisome wewe mwenyewe, mmoja mmoja, wasijaziane. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Karatasi zote zisomwe kabla mtu hajatoka ukumbini, na atakayejibu chochote zaidi ya hapana, mwanamume au mwanamke, hata kama ametoka kucheza sasa hivi na anacheka, kaa naye, usimwache aende peke yake, mfikishe hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.